Pasi kwa Mtu Usiyemsalimia

Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Mimi nimeyafuata tu mwaka huu. Siku ya kuniaga, nyie makocha vijana mlinizunguka mkaniuliza falsafa yangu ya kumiliki mpira, na mmoja wenu akatoa simu anirekodi. Jua lilikuwa kali, hotuba za viongozi zilikuwa ndefu, na mimi nilitaka kiti tu. Nikawaambia nitaandika. Basi naandika, polepole, kwa mchoko uleule. Vyeo na marupurupu sitavigusa. Nitawaambia nilivyoanza, aliyenifundisha, na kesi moja iliyonizeesha.

Siku yangu ya kwanza nilifika uwanjani na filimbi mpya shingoni na makaratasi ya kozi ya ukocha kwapani. Yalikuwa yamejaa michoro ya mishale. Timu yetu, iliyoitwa Warina kwa sababu ya warina asali wa huku, ilikuwa mikononi mwa Mwalimu Ladislaus, Mfipa mrefu asiyependa maneno, na mimi nilitumwa nikawe msaidizi wake. Aliniangalia, akayaangalia makaratasi.

"Hayo yawekee jiwe yasipeperuke," alisema. "Halafu njoo tuokote kokoto."

Mazoezi yangu ya kwanza yakawa hayo. Timu nzima tulijipanga mstari mmoja, tukainama, tukatembea kutoka goli hadi goli tukiokota mawe na kuyatupia nje. Mgongo uliniuma, na moyoni nilijiuliza kama hii ndiyo kazi niliyoisomea. Ladislaus alikuwa ameinama pamoja nasi.

"Ukitaka wachezaji wapige mpira chini," aliniambia, "kwanza wape hiyo chini."

Koni hatukuwa nazo. Tulitumia matofali mabichi, ambayo mvua ikinyesha yanageuka uji, na mistari tuliichora kwa majivu ya matanuri ya tofali. Zoezi lake kubwa lilikuwa mtu kati, ule mchezo ambao nyie mliucheza shuleni mkidhani ni utani: watu wamezunguka duara wanapigiana pasi, mmoja yuko katikati anausaka mpira. Alitufanyisha mpaka wachezaji wakanuna. Akaongeza watu wa kati wawili, akalipunguza duara, akasema mguso mmoja tu. Winga mmoja akauliza ni lini watafunga magoli.

"Ukiwa na mpira huwezi kufungwa," Ladislaus akamjibu. "Tukishajua kutofungwa, nitakuonyesha goli liko wapi."

Sababu yake haikuwa ya vitabuni. Mpanda ya mwezi wa kumi mnaijua. Timu inayoukimbiza mpira inakuwa imekwisha kabla ya mapumziko; timu inayoukimbizisha mpira bado ina miguu jioni. Kwake hiyo ilikuwa hesabu ya jua tu. Na alikuwa na kanuni moja ambayo nimeishi nayo: pasi ikipotea, usimtazame aliyeipoteza. Mtafute aliyejificha. Mwenye mpira anahitaji wenzake wawili walio wazi, mmoja kila upande, na kazi ngumu ni ya wale wasio na mpira. Kujificha nyuma ya mpinzani ni rahisi, kwa sababu hakuna anayekuzomea.

Macho yake yalipoanza kumsumbua alirudi kwao kulima. Asubuhi ya kuondoka alinipa mkono kituo cha basi.

"Watakuambia ubutue," alisema. "Ukikubali mara moja, wachezaji hawatakuamini tena."

Na kweli waliniambia. Kwa miaka mingi sana wimbo wa mashabiki wa Mpanda ulikuwa mmoja: Butua! Yaani piga mbali mbele, popote utakapoangukia. Kipa wangu akimpa beki mpira, butua. Beki akigeuka kutafuta kiungo, butua. Mama aliyeniuzia mchele sokoni alinipimia vizuri, akafunga mfuko, kisha akauliza kwa upole kwa nini mabeki wangu wanaogopa kupiga mpira mbele. Nilimweleza. Akasema ahsante, ila wabutue.

Sasa niwafikishe kwenye kesi yenyewe. Inawahusu mabeki wawili wa kati, Nestori na Jeremia. Jeremia mnamjua, ndiye kocha msaidizi wenu leo. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika, akasema, "Andika, ila dada yangu usimpake rangi." Nestori nilimpigia simu. Akacheka kidogo, akasema hakuna asiyejua.

Jeremia alitoka Katumba, kwenye familia iliyokuja kutoka Burundi enzi za babu yake. Yeye mwenyewe kazaliwa hapa, kasoma hapa, uraia anao. Nestori alitoka Usevya, kwenye mpunga, Mpimbwe kweli kweli, na alipofika kwetu hakujuana na yeyote. Katika mechi yao ya mwanzomwanzo pamoja, Jeremia alipoteza mpira, tukafungwa, na mtu mmoja kando ya uwanja akapiga kelele, "Mrundi, rudi kwenu!" Kabla sijafanya lolote nikamwona Nestori anatembea mpaka kwenye kamba.

"Kwao ni Katumba," alimwambia yule mtu. "Nauli ya huko unaijua, au nikutajie?"

Watu wakacheka, yule mtu akanywea. Wiki hiyo Jeremia akamkaribisha Nestori nyumbani kwao kula. Huko ndiko alikokutana na Esperansi, dada yake Jeremia, fundi cherehani. Mwaka haukupita wakaoana, wakapanga chumba na sebule hapa mjini.

Sijapata kuwa na mabeki kama wale. Walikuwa wanaitana shemeji mpaka katikati ya mechi. "Shemeji!" maana yake nipe. "Shemeji, shemeji!" maana yake nipe haraka, kuna mtu mgongoni kwako. Mmoja akipanda na mpira, mwenzake alikwisha shuka kuziba. Sikuwafundisha hilo, nilikaa benchi nikapumzika. Mabeki wakitulia, timu nzima inatulia. Kiungo anajua mpira utamfikia, mawinga wanabaki pembeni bila wasiwasi. Tulicheza hivyo misimu kadhaa, na hata kelele za butua zilipungua.

Kisha nikaanza kuona kitu kabla sijaambiwa. Mpira ulimfikia Jeremia, Nestori yuko kando yake, wazi, hana mtu, na Jeremia akaurudisha kwa kipa. Kipa akampa Nestori. Nestori naye alipotaka kuhamisha upande, akaurudisha kwa kipa. Mwanzo nilidhani ni tahadhari. Ilipofika mapumziko nikagundua sijasikia neno shemeji hata mara moja.

Kipa wetu alikuwa Mashaka, Msukuma mwenye mwili na utani mwingi. Alinivuta pembeni.

"Mwalimu, hawa hawasalimiani. Dada kaondoka."

Mambo yalikuwa hivi. Msimu wa tumbaku Nestori alikuwa anakwenda Inyonga kufanya kazi za mashambani, na huko akawa na mwanamke mwingine. Habari zilimfikia Esperansi kwa midomo mingi kwa wakati mmoja. Hakugombana. Alimwita kaka yake. Jeremia alikuja na guta la magurudumu matatu, akapakia cherehani, godoro na watoto wawili, akamrudisha dada yake Katumba. Nestori aliporudi kutoka Inyonga alikuta chumba kinatoa mwangwi.

Niliwaita wote wawili kwenye stoo yetu ya vifaa. Walikaa juu ya mifuko ya jezi, kila mmoja ukuta wake.

"Mimi sina neno na mtu," Nestori alianza. "Ila kuna mtu amebeba nyumba yangu kwenye guta."

Jeremia alikuwa ananitazama mimi. "Mwalimu, mwambie nyumba aliivunja mwenyewe. Mimi nilibeba mizigo."

"Mwambie wewe, si huyo hapo?"

"Mimi naongea na wewe, mwalimu."

Nikawauliza kama uwanjani watapeana mpira. Wote wakasema watajitahidi, na wote waliniambia mimi, kama watoto mbele ya mwalimu mkuu. Mechi iliyofuata hawakupeana. Kocha wa wapinzani hakuwa mjinga. Aliwaacha mabeki wangu bila mtu, akawaweka washambuliaji wake wawili jirani na Mashaka, maana alishajua kila mpira utapita hapo. Tulifungwa magoli mawili yaliyofanana kama mapacha.

Viongozi wakakutana. Mmoja akashauri tuite mchungaji, kwa kuwa Jeremia ni mlokole. Mwingine akasema Nestori ni Mkatoliki, aitwe padre. Walijadiliana nani aanze kuomba mpaka kikao kikaisha. Mwenyekiti akanishika bega mlangoni.

"Mwalimu, chagua mmoja. Mwingine aende."

Nilirudi nyumbani nikiwa na uzito mwilini kama niliyecheza mimi. Kuchagua mmoja hakukuwa kazi ya dakika moja. Nikimwondoa Jeremia, nimemfukuza mtu kwa kumsaidia dada yake. Nikimwondoa Nestori, nimeanza kazi ya kuamua ndoa za watu, na kwa utaratibu huo nisingebaki na wachezaji wa kutosha hata wa mtu kati. Juu ya hayo, hakuna kati ya wale wa akiba aliyeweza kutoka na mpira nyuma. Kumwondoa yeyote kulikuwa ni kuanza kubutua.

Nikapanda pikipiki kwenda Katumba. Nilimkuta Esperansi barazani kwao, anashona sare za shule, vitambaa vya bluu vimemzunguka. Alinisalimia shikamoo, akanipa stuli na maji ya kunywa. Nikaanza kuzungukazunguka: hali ya watoto, mvua, wazazi. Akaendelea kukanyaga cherehani. Mwisho akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Mwalimu, umekuja kunirudisha kwa Nestori ili timu ipate pasi?"

Nilisema nimekuja kusikiliza.

"Basi sikiliza. Mimi sirudi. Hilo nimelimaliza, hata mama yangu amechoka kuniuliza." Alikata uzi kwa meno. "Lakini kaka yangu naye ananichosha. Kila Jumapili anarudi hapa na hasira za uwanjani, anakaa hapo ulipokaa, halafu anataka mimi nimbembeleze. Nilimwomba anibebee cherehani. Sikumwomba anilipizie."

"Nimwambie hivyo?"

"Nimeshamwambia mwenyewe. Wewe kamfundishe mpira, ndiyo kazi yako."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nayatafuna maneno yale. Nilikuwa natafuta namna ya kuwapatanisha, kwa sababu tumezoea kusema timu ni familia. Kumbe familia ndiyo iliyokuwa imevunjika, na mimi nilikuwa najaribu kuiunga kwa filimbi. Nikaamua kuachana na stoo na vikao. Nikarudi kwa Ladislaus: matofali, duara, mguso mmoja.

Niliwaweka Nestori na Jeremia kwenye kiboksi kidogo cha matofali, Mashaka nyuma yao, na wachezaji wanne wa kuwakaba. Sikuwaambia wapendane wala waongee. Niliwaambia watoke na mpira. Walishindwa siku hiyo, wakashindwa na kesho yake. Wale wanne walikuwa wanaunyakua mpira mpaka wakaanza kuona haya. Timu ilikaa chini kuangalia, na ukimya wake ulikuwa mbaya kuliko kuzomea. Wiki ikapita hivyo. Mimi mwenyewe nilianza kuangalia saa.

Aliyeufungua mlango ni Mashaka. Jeremia alikuwa na mpira, amebanwa na watu wawili, Nestori yuko kulia kwake amefungua mwili anausubiri. Jeremia akageuka akaurudisha kwa kipa. Mashaka akautazama unavyokuja. Akaweka mikono kiunoni, akapiga hatua moja pembeni kama anayempisha mgeni njia. Mpira ukapita taratibu, ukaingia golini.

"We Mashaka!" Jeremia alifoka.

"Mimi si posta!" Mashaka naye akafoka, na safari hii hakukuwa na utani. "Nimechoka kupeleka barua zenu. Mnagombana nyie, magoli nafungwa mimi, matusi natukanwa mimi. Mama yangu ameacha kuja uwanjani kwa ajili yenu. Mkitaka kununiana, nunianeni, ila mpira msinipe mimi!"

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa na filimbi mdomoni, nikaitoa. Jeremia alienda mwenyewe golini, akauokota mpira, akarudi nao kwapani, akauweka chini palepale alipokuwa. Akawaambia wale wanne, "Kabeni." Wakamjia. Akampa Nestori.

Ilikuwa pasi ya kawaida, kwenye mguu wa kulia, ule ulio mbali na mkabaji. Nestori aliupokea, akageuka, akatoka nao kwenye kiboksi. Nikawaambia warudie. Wakarudia. Jeremia akampa tena, na baadaye kidogo Nestori naye akampa. Neno halikutoka kwa yeyote. Kwa kuwa hawakuitana tena, ikawabidi watazamane: kila mmoja alikuwa anainua kichwa kabla mpira haujamfikia ili aone mwenzake yuko wapi. Mimi ninayewafundisha nyie kuinua vichwa, niliona kichwa kinavyoinuliwa pale, kwa watu wawili wasiotaka kusikia sauti ya mwenzake.

Mechi iliyoamua msimu ule tulicheza nyumbani na timu ya Inyonga. Mshindi angewakilisha mkoa. Mwenyekiti aliniambia asubuhi kwamba leo akiona ule ujinga wa kurudishia kipa, kesho kutakuwa na kocha mwingine. Nikamjibu sawa. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sehemu fulani ya moyo wangu ilifurahi kusikia hivyo.

Kiungo wetu alifunga mapema kipindi cha pili, baada ya mpira kuzunguka kutoka nyuma mpaka nikapoteza hesabu ya pasi. Kisha Inyonga wakaja juu yetu wote. Uwanja ulikuwa umekauka, vumbi linapanda, na kelele zikaanza: Butua! Butua! Nilimsikia hata msaidizi wangu kwenye benchi akinong'ona butua, akaona namtazama, akajifanya anakohoa. Dakika za mwisho, Mashaka alidaka krosi, wachezaji wote wa Inyonga wakabaki kwetu wakisubiri abutue. Akauviringisha mpira chini kwa Jeremia.

Watatu wakamvamia. Jeremia akampa Nestori. Wakamgeukia Nestori, akamrudishia Jeremia, ambaye alikuwa amekwisha sogea. Wakamrudia Jeremia, akampa Nestori. Wakaenda hivyo, wanapanda kidogo, wanashuka kidogo, hakuna aliyemwita mwenzake, na wale watatu wanakimbia katikati yao vumbini. Kelele za butua zikapungua, halafu zikakatika kabisa. Mshambuliaji mmoja wa Inyonga akasimama, akashika magoti. Nestori alipomwona amesimama akampenyezea kiungo, na tukaupeleka mpira mpaka kwenye kona yao. Filimbi ikalia hukohuko.

Watu waliingia uwanjani. Msaidizi wangu alinikumbatia akipiga kelele, "Wamepatana, mwalimu! Umeona? Wamepatana!"

Nilimwonyesha kwa kidole. Jeremia alikuwa anatoka uwanjani kwa upande wa barabara, taulo kichwani. Nestori alikuwa anatoka kwa upande wa pili, anafungua kamba za viatu huku anatembea. Mpiga picha alijaribu kuwaita wasimame pamoja, wote wakamkatalia kwa ishara ileile ya mkono.

"Hawajapatana," nikamwambia. "Wamefanya kazi."

Ngazi ya juu tulitolewa mapema, na waliotutoa walistahili. Wale wawili walicheza pamoja misimu mingine miwili bila salamu, na ndiyo misimu ambayo nyuma yetu ilikuwa ngumu kuliko yote. Niliwachunguza mara nyingi nikitafuta dalili ya kulainika, sikuiona. Nestori akaumia kifundo cha mguu, akarudi Usevya kulima mpunga. Alikuja kuniaga mimi, akamuaga Mashaka, akawaaga mpaka wafua jezi. Esperansi hakurudi kwake. Ana duka lake la kushona sasa, na watoto wanakwenda Usevya wakati wa likizo. Nestori alipoondoka nilimpa Jeremia mwenzake mwingine, kijana mchangamfu, rafiki yake wa kanisani. Walikuwa wanaongea mechi nzima. Tukaanza kufungwa katikati.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikuwa stoo na Jeremia, tunajaza mipira upepo kwa pampu ya baiskeli. Yeye anasukuma, mimi nimeshika sindano, kwa kuwa kuinama siwezi tena. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza.

"Siku ile Mashaka alipokukasirikia. Kwa nini ulimpa Nestori mpira?"

Alifikiri, mkono bado unasukuma. "Alikuwa wazi."

"Basi?"

"Basi, mwalimu. Nilitaka kumnyima, nikatazama, nikaona ndiye aliye wazi."

"Na ulishamsamehe?"

"Hapana."

Nje wachezaji walikuwa wanapanga koni, za plastiki siku hizi.

"Huyu niliyecheza naye baadaye ni rafiki yangu mpaka leo," Jeremia alisema. "Lakini ilikuwa lazima nimwite. Nestori nilikuwa najua atakapokuwa hata nikifumba macho. Mtu ambaye simtaki mezani kwangu." Akatikisa kichwa.

"Unamkumbuka?"

Aliubonyeza mpira kwa vidole gumba, akaudundisha mara moja sakafuni, akausukumia ukutani.

"Huu umejaa, mwalimu," alisema. "Lete mwingine."